Majina ya Ukungu: Pwani, Ziwani na Bara



Leo nataka kuzungumza nanyi habari ya neno moja dogo ambalo kila mtoto wa shule alijua, nalo ni neno ukungu. Huenda mtu wa Dodoma akacheka na kusema, "Sisi na ukungu wapi na wapi? Sisi tuna vumbi." Asema kweli. Nchi yetu hii imeinuka juu ya bahari kadiri ya meta 1,100. Mvua yake kwa kawaida haifiki milimeta 600 kwa mwaka, nayo hunyesha tangu Desemba hata Aprili. Miezi iliyobaki, jua na upepo ndio wenye nchi. Ukungu wenyewe twauona kwa nadra, asubuhi za masika katika mabonde, au tukitazama milima ya Kiboriani karibu na Mpwapwa, ambako wingu hushuka likakaa juu ya miti kama kuku aatamiaye.

Lakini Kiswahili tunachokisoma na kukifundisha hakikuzaliwa katika vumbi. Kilikulia ufuoni, katika midomo ya watu wenye vyombo, nyavu na madema. Neno la pwani likipandishwa bara mara nyingi hufika limeacha nusu ya mzigo wake njiani. Nusu hiyo iliyoachwa ndiyo nitakayo tuitazame leo, kwa kuwa walimu wengi hawajui kwamba ipo, na kwa kutojua huko huwaonea watoto. Nitaeleza huko mbele wanavyowaonea.

Kwanza tujue ukungu ni kitu gani. Hewa huchukua maji ndani yake, nayo hayaonekani. Hewa ya moto huchukua maji mengi, hewa ya baridi huchukua machache. Basi hewa yenye unyevu ikipoa, yale maji yaliyozidi hugeuka kuwa matone madogo sana, mepesi hata hayaanguki upesi. Matone hayo yakikaa juu angani twayaita wingu. Yakikaa juu ya nchi au juu ya maji twayaita ukungu. Wale ambao kazi yao ni kupima hali ya hewa wamepatana, katika nchi zote za dunia, kwamba mtu asipoweza kuona kitu kilicho mbali naye meta 1,000, basi huo ni ukungu kamili. Akiweza kuona mbele kuliko hapo, lakini kwa shida, huo ni ukungu mwepesi, na jina lake ni jingine. Na ikiwa kinachoziba macho si maji bali ni vumbi au moshi, hicho nacho kina jina lake la tatu. Sisi katika madarasa yetu vyote vitatu twaviita ukungu, tukaona tumekwisha kazi.

Watu wa bahari hawawezi kuridhika hivyo. Mkulima akifunikwa na ukungu shambani hukaa chini akangoja jua. Nahodha akifunikwa na ukungu hawezi kukaa chini. Chombo chake kinakwenda, maji yanamvuta, na mwamba hauhami. Ndiyo maana katika pwani za dunia, kila kipande cha ufuo kina neno lake. Katika pwani ya mashariki ya Scotland, ukungu utokao baharini ukaingia nchi kavu huitwa haar. Ukishuka kusini kidogo tu, katika pwani ya Uingereza, wavuvi huuita fret. Bahari ni moja, baridi ni moja, na majina ni mawili.

Sasa, pwani yetu ya Waswahili, kuanzia Lamu na Mombasa hata Unguja na Kilwa, haina ukungu mwingi kama ule wa Ulaya. Maji yake ni ya moto mwaka mzima, na hewa ipitayo juu ya maji ya moto haipoi. Kinachomficha nahodha nchi kavu huko mara nyingi ni mvua kubwa, au ni utando mweupe wa alfajiri katika hori na mikoko. Lakini ingawa ukungu wao ni haba, maneno yao si haba, na kila neno limekuja kwa njia yake. Nitachukua manne.

La kwanza ni umande. Mwalimu wa bara akiulizwa umande ni nini, hujibu pasipo kufikiri: ni maji yanayokaa juu ya majani asubuhi, yanayowalowesha watoto miguu waendapo shule. Jawabu hilo ni sahihi, na pwani pia ni sahihi. Lakini mtu wa pwani alipolitaja neno hilo alikuwa na mambo mengine ndani yake: ile hewa ya alfajiri yenye baridi na unyevu, ukungu ulalao juu ya maji kabla ya jua, na upepo uvumao pamoja nao. Upepo huo hutoka nchi kavu. Usiku nchi hupoa upesi kuliko bahari. Hewa ya juu ya nchi ikiisha kupoa huwa nzito, nayo huteremka ikatambaa kwenda baharini. Mvuvi hutweka tanga kabla ya mapambazuko, na upepo huo ukamtoa nje mpaka penye samaki. Mchana nchi ipatapo moto, mambo hugeuka, upepo wa bahari ukamrudisha nyumbani. Kwa hiyo yule aliyejua umande hakujua maji ya majani tu. Alijua saa ya kuondoka.

Tena, kwa kuwa katika pwani yetu nchi kavu iko upande wa magharibi, neno umande likawa jina la upande wa magharibi wenyewe, kama vile neno matlai lilivyokuwa jina la upepo wa asubuhi na la upande wa mashariki. Nahodha wa zamani aliyesema kwamba chombo kimeelekea umande hakusema habari ya majani mabichi. Mwanafunzi wa bara akisoma sentensi kama hiyo hudhani chombo kimekwenda kulowa.

Fikirini sasa neno hilo likipakiwa katika gari la moshi pale Dar es Salaam, likapita Morogoro, likapita hapa Dodoma ambapo reli ilifika mwaka 1910, likaenda likateremshwa Kigoma ambako reli ilifika mwaka 1914. Kigoma ni mji wa wavuvi na mabaharia vile vile, na upepo wa nchi kavu uko, uvumao alfajiri kwenda ziwani. Lakini huko nchi kavu iko mashariki, na maji yako magharibi! Umande wa Kigoma, kama wangelitumia neno hilo kwa upepo na kwa upande, ungekuwa mashariki. Neno lingesimama kichwa chini. Ndiyo sababu, naona mimi, maana ya maji ya majani ilisafiri salama, na maana ya upepo na upande ikabaki pwani. Majani hulowa kila mahali. Lakini magharibi ya mvuvi wa Unguja si nchi kavu ya mvuvi wa Kigoma.

Neno la pili ni shemali, nalo lapasa kumpendeza mtu wa Ugogo kuliko mengine yote. Katika kamusi za zamani za Kiswahili utaliona limepewa maana ya kaskazini, na ya mkono wa kushoto, na pia ya ukungu. Mtu hushangaa: mkono wa kushoto na ukungu vimekutana wapi? Twende pole pole. Neno ni la Kiarabu. Waarabu wa kale waliposimama kuelekea jua linapochomoza, mkono wao wa kushoto ulikuwa upande wa kaskazini. Basi neno moja likawa la mkono na la upande pia. Wengi husema kwamba hata nchi ya Yemeni ilipata jina lake kwa njia hiyo hiyo, kwa neno la mkono wa kuume, kwa kuwa iko kusini. Hapo tumepata kushoto na kaskazini. Na ukungu je?

Katika Ghuba iliyo kati ya Bara Arabu na Uajemi huvuma upepo wa kaskazini-magharibi, hasa katika Juni na Julai, nao kwa jina huitwa shamali. Upepo huo hupita juu ya majangwa kabla ya kufika baharini, ukabeba mavumbi mengi hata mbingu ikawa rangi ya udongo na jua likawa kama sahani ya shaba. Baharia aliye katikati ya maji haoni pwani wala chombo cha mwenziwe. Waswahili, wenyeji na wageni, walisafiri katika vyombo vya biashara kati ya pwani yetu na Omani na Ghuba hiyo kwa karne nyingi. Vyombo vilikuja kwa kaskazi, vikarudi kwa kusi katika Aprili na Mei, kabla kusi haijachachamaa. Juni na Julai bahari ilikuwa imefungwa, nahodha mwenye akili hakutoka. Aliyechelewa njiani alikutana na jambo jingine, la ukungu hasa. Katika pwani ya Dhofar, kusini mwa Omani, tangu Juni hata Septemba pepo za kusi huyasukuma maji ya juu mbali na ufuo, na maji baridi ya kilindini hupanda mahali pake. Hewa yenye unyevu ipitapo juu ya maji hayo hupoa, na ukungu ukafunika mji wa Salalah na milima yake, hata milima iliyokuwa mikavu kama ngozi ikawa ya kijani kibichi.

Mimi naona kwamba baharia aliporudi Unguja au Lamu alisimulia habari za kufungiwa macho huko kaskazini, na waliomsikiliza, ambao hawakuwa na jangwa, walilichukua jina la upepo wakalipa utando mweupe walioujua wao. Vumbi likageuka maji. Msidhani kwamba hayo ni ya ajabu, maana kuna neno la tatu lililogeuka vivyo hivyo. Neno ghubari kwa Waarabu asili yake ni vumbi. Kwa Waswahili ghubari ni wingu zito la mvua. Kule kwenye ukame, giza likija kutoka upeo wa macho, ni vumbi. Hapa kwenye masika, giza likija kutoka upeo wa macho, ni mvua. Mtu wa Unguja alipewa neno kavu akalilowesha.

Na ninyi wa Dodoma, mnaoujua upepo wa Septemba, mngeweza kuyaelewa maneno haya mawili katika maana yake ya kwanza kuliko mtu yeyote wa pwani. Hilo ni jambo la kufurahisha. Tumezoea kuambiwa kwamba wa bara hujifunza Kiswahili na wa pwani hukifundisha.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe, ukungu, na ndugu yake kungu. Hilo halikuja na chombo chochote. Ni la watu wa bara hili tangu zamani sana. Wazulu, walio mbali kusini, huuita ukungu inkungu. Wanyanja wa Ziwa Nyasa husema nkhungu. Katika Kiswahili chenyewe neno limezaa maana nyingi: ni mvuke uzibao macho, ni weupe wa kwanza wa alfajiri, ni ule uchafu wa kijani uotao juu ya mkate uliolala. Mwenye kutazama ataona kwamba vyote ni utando mwembamba uliofunika kitu.

Lakini pale Ziwa Nyasa neno hilo lina maana nyingine ambayo haimo katika darasa letu, nayo ndiyo iliyonifanya nitake kusema leo. Katika ziwa hilo wako wadudu wadogo, jamaa ya visubi, ambao wakiwa mabuu huishi majini. Mchana hushuka kilindini, usiku hupanda juu. Wakati wao ukifika hutoka majini wote pamoja, wakiwa na mabawa, wengi hata hawahesabiki, wakapanda angani kama nguzo za moshi. Mtu aliye ufuoni huona kwa mbali kama kwamba majani ya maili nyingi yanaungua juu ya maji. David Livingstone, msafiri yule wa Scotland, aliwaona alipolitembelea ziwa katika mwaka 1861, na chombo chake kikapita katikati yao. Aliandika kwamba iliwabidi wafumbe macho na vinywa. Wenyeji waliwakusanya usiku, wakawapika wakawafanya mkate mnene wa duara, na Livingstone alipoonja alifananisha ladha yake na nzige waliotiwa chumvi. Wadudu hao huitwa kungu. Ni jina la ukungu, nao ni ukungu ulio hai, tena huliwa.

Katika darasa moja la walimu wanafunzi nililolifundisha, alikuwamo kijana mmoja wa kutoka ufuo wa Ziwa Nyasa. Wanafunzi walipewa insha ya "Asubuhi ya Kwetu," kisha wakabadilishana madaftari wasahihishane, maana kusahihisha nako ni kazi ya kujifunza. Kijana huyo aliandika: "Kungu walitanda juu ya ziwa, na mama akachukua kikapu." Mwenziwe, kijana mwerevu aliyezaliwa mjini, akatia wino mwekundu. Akakata "kungu walitanda" akaandika juu yake "ukungu ulitanda." Kisha akaweka alama ya kuuliza mbele ya kikapu, na pembeni akaandika: "Kikapu cha nini?"

Daftari liliponifikia nililisoma mara mbili. Kwa sheria ya kamusi, msahihishaji alikuwa na haki: ukungu ni wa ngeli ya u-, na haukusanywi kikapuni. Lakini kijana wa ziwa alikuwa amefuata sheria sawasawa. Kungu ni viumbe wenye uhai. Wasingetanda kwa namna nyingine ila kwa wa-. Na kile kikapu, ambacho mwenziwe alikiona upuuzi, ndicho kilichokuwa kitovu cha sentensi yote, kwa maana mama alikuwa anakwenda kutafuta chakula cha watoto. Wino mwekundu uliwaua wadudu ukaiondoa na chajio pia. Nilimwuliza yule wa ziwa kwa nini hakujitetea. Akajibu kwa adabu, "Mwalimu, nilidhani Kiswahili chao ndicho sahihi, na cha kwetu ni makosa."

Jibu hilo lilinisumbua kuliko insha. Mnajua jinsi Kiswahili cha shule kilivyopatikana. Katika mwaka 1928 wakubwa wa elimu wa nchi hizi walikutana Mombasa wakakichagua Kiunguja kiwe msingi wa vitabu, na katika mwaka 1930 ikawekwa Halmashauri ya Lugha ili maandishi yawe namna moja toka nchi hata nchi. Kazi hiyo ilifaa. Bila hiyo mtoto wa Mpwapwa na mtoto wa Lamu wasingesoma kitabu kimoja. Kusema kwamba neno fulani ndilo la kitabuni ni jambo jema. Kusema kwamba neno la mvuvi ni kosa kwa sababu halimo kitabuni ni jambo jingine, na hapo ndipo walimu wengi huteleza. Hata hao Waunguja wenyewe wangeangukia kalamu nyekundu kama wangeandika umande kwa maana ya upepo, au shemali kwa maana ya ukungu. Maneno ya nahodha aliyevuka bahari yangekatwa na kijana ambaye hajapata kuona maji mapana kuliko bwawa.

Tena maneno haya yanapungua. Vyombo vya tanga vya biashara vya Ghuba vimekwisha. Mashua nyingi zina mashine, na mwenye mashine hangoji upepo wa alfajiri. Asipoungoja hana haja ya kuutaja. Mtoto wa mvuvi akilikosa neno nyumbani, na shuleni akikatazwa, hana mahali pa tatu pa kulipata. Kwa hiyo nimewaambia walimu ninaowafundisha kwamba wakikuta neno wasilolijua katika insha wasitie wino kwanza. Wamwite mtoto, wamwulize: kwenu kitu hiki hutokea saa ngapi, hutoka upande gani, na watu hufanya nini kikitokea? Maswali hayo matatu yangetosha kumwokoa yule kijana na kikapu cha mama yake.

Limebaki jambo moja. Baada ya mambo haya wanafunzi waliniuliza: na ule utando wa hapa kwetu Ugogo, wa Agosti na Septemba, wakati vumbi linaposimama angani pamoja na moshi wa majani yanayochomwa, na vilima vya mbali vikapotea, tuuite nini? Si ukungu, maana hauna tone la maji. Nikawaambia kwamba mimi ningeuita shemali, tulirudishie neno hilo vumbi lake la kwanza. Mmoja akasimama akasema kwamba haiwezekani, kwa kuwa shemali ni kaskazini, na upepo wetu watoka mashariki. Nikamjibu kwamba kwa Waswahili lilikwisha kuacha kuwa kaskazini tu tangu zamani. Hakukubali. Mwingine akasema tuseme utusitusi, neno ambalo kila mtu analielewa, halina upande wala upepo ndani yake. Tulishindana mpaka kengele ikalia, na wengi walikuwa upande wa utusitusi. Mimi bado nasema shemali.